Chakula na dawa: Maarifa ya wahudumu wa afya yapimwe kwenye karatasi au kwa mgonjwa?

Mgonjwa wa malaria anayeondoka kwenye dirisha la dawa, awe Mbarara nchini Uganda, Bukoba nchini Tanzania au hapa Kigali, mara nyingi hupewa pakiti ya dawa mseto na maelezo yanayosemwa kwa pumzi moja: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, kwa siku tatu. Kwa mtu mzima hivyo ni vidonge 24. Yapo maneno mengine machache ambayo huweza kuachwa bila mtu yeyote kushtuka, nayo ni haya: kula kwanza, na chakula hicho kiwe na mafuta.

Je, mhudumu aliyeyaacha hakuyajua, au aliyajua asiyaseme? Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalotenganisha utafiti unaofaa na utafiti dhaifu katika uwanja unaozidi kupanuka: upimaji wa maarifa ya madaktari, wauguzi na wafamasia kuhusu namna vyakula na dawa vinavyoathiriana. Katika nchi za Asia, Mashariki ya Kati na Afrika, madodoso ya aina hii husambazwa hospitalini na kwenye maduka ya dawa, alama hujumlishwa, na taarifa huhitimishwa kwa wito wa kutoa mafunzo zaidi. Kwa ukanda wetu, ambako dawa mseto hiyo hiyo imekuwa ngao kuu dhidi ya malaria na ambako vimelea vimeanza kuonyesha usugu, ni vyema kuuliza iwapo kinachopimwa ndicho kinachomponya mgonjwa.

Tumbo tupu lina gharama

Dawa mseto inayofahamika nchini Tanzania kwa kifupi cha ALu ni muungano wa artemeta na lumefantrini. Artemeta hufanya kazi kwa kasi. Huangamiza sehemu kubwa ya vimelea katika siku za mwanzo, kisha hutoweka mwilini ndani ya saa chache baada ya kila dozi. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa na kumalizia vimelea vilivyosalia. Tatizo ni kwamba lumefantrini haiyeyuki vizuri katika maji, inahitaji mafuta. Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanaonyesha kwamba kwa watu wenye afya, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi cha lumefantrini kinachoingia katika damu mara 16 ikilinganishwa na kumeza dawa bila kula. Kwa artemeta, ongezeko lilikuwa mara mbili hadi tatu.

Hilo halimaanishi kwamba mgonjwa anahitaji karamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba mililita 36 za maziwa ya soya, zenye gramu 1.2 hivi za mafuta, zinatosha kufikia asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa cha ufyonzwaji wa lumefantrini. Hicho ni kiasi cha vijiko vikubwa viwili na nusu. Glasi ya maziwa, kipande cha parachichi, uji uliotiwa karanga au isombe iliyoungwa kwa mafuta hukidhi haja hiyo, navyo ni vyakula ambavyo nyumba nyingi za eneo hili huvifahamu.

Jirani zetu wa Uganda walitoa ushahidi muhimu mapema. Katika utafiti uliofanyika Mbarara na kuchapishwa mwaka 2005, wagonjwa 957 waligawanywa katika makundi mawili. Wagonjwa 313 walimeza kila dozi mbele ya mhudumu, pamoja na chakula chenye mafuta. Wengine 644 walimeza dozi ya kwanza kituoni, wakapewa ushauri kuhusu chakula, kisha wakarudi nyumbani na dawa zao. Baada ya siku 28, kiwango cha kupona kilikuwa asilimia 97.7 kwa kundi la kwanza na asilimia 98 kwa kundi la pili.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Yupo atakayesema kwamba, kama wagonjwa walipona hata bila kusimamiwa, basi suala la chakula limekuzwa mno. Lakini wagonjwa wa kundi la pili hawakuachwa kimya: waliambiwa la kufanya. Utafiti huo haukuwa na kundi la watu walionyimwa ushauri, kwa hiyo hauwezi kutuambia nini kingetokea kama wangenyamaziwa. Unachotuambia ni kwamba mgonjwa aliyeelezwa vizuri anaweza kuaminiwa kujitibu nyumbani kwake. Hiyo ni hoja nzito ya kutetea maneno ya dirishani.

Ikumbukwe pia kwamba utafiti huo ulifanyika kabla ya mabadiliko ya miaka ya karibuni. Shirika la Afya Duniani, WHO, limethibitisha kuwepo kwa usugu wa kiasi dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini katika nchi nne za Afrika: Eritrea, Rwanda, Uganda na Tanzania. Maana yake ni kwamba vimelea vyenye mabadiliko fulani ya kijenetiki huchelewa kuondoka katika damu. Mabadiliko yanayojulikana kama R561H yaliripotiwa nchini Rwanda mwaka 2020, na baadaye yakaonekana pia katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Chakula hakileti mabadiliko hayo, wala kukosa chakula hakuyaleti. Lakini artemeta inapopungukiwa na kasi, mzigo wote humwangukia mwenzake, lumefantrini. Na lumefantrini iliyomezwa kwa maji matupu hufika katika damu ikiwa pungufu. Zaidi ya hapo, mgonjwa anaporudi kituoni baada ya wiki mbili au tatu akiwa na vimelea tena, mhudumu hukabiliwa na maswali matatu: je, dawa imeshindwa, mgonjwa ameng'atwa na mbu mwingine, au dozi haikufyonzwa? Swali la tatu haliwezi kujibiwa iwapo hakuna aliyeuliza wala kueleza habari ya chakula siku ya kwanza.

Dodoso linapima nini hasa

Madodoso mengi yanayotumika kupima maarifa haya yana sura moja. Mhudumu hupewa sentensi ishirini au thelathini na kutakiwa kujibu kweli, si kweli, au sijui. Kabla ya kutumiwa, dodoso hupitiwa na wataalamu wanaoamua kama kila swali linahusika na mada, kisha hufanyiwa majaribio kwa kundi dogo ili kuona kama maswali yanaoana. Huo ni utaratibu mzuri, na bila huo hakuna kipimo. Lakini mapengo yake yanafahamika.

La kwanza ni bahati. Katika maswali 20 ya kweli au si kweli yasiyo na nafasi ya kujibu sijui, mtu asiyejua lolote anaweza kubahatisha na kupata kumi. La pili ni mpaka wa ufaulu: mtafiti mmoja huweka asilimia 80 kuwa maarifa mazuri, mwingine asilimia 60, na wahudumu wale wale wakatangazwa wajuzi katika taarifa moja na wajinga katika nyingine. La tatu ni nani anayejibu. Dodoso linalotumwa kwa simu hujibiwa zaidi na wenye hamu ya somo hilo, wenye nafasi na wenye mtandao. Muuguzi wa zahanati ya mbali anayehudumia foleni peke yake hayumo katika hesabu.

La nne, ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni chakula chenyewe. Sayansi ya uwanja huu ilikuzwa zaidi katika nchi tajiri, na mifano yake mikuu inatoka katika meza za huko. Mwaka 1963 nchini Uingereza, shinikizo la damu la ghafla kwa watu waliotumia aina fulani ya dawa za sonona lilihusishwa na ulaji wa jibini. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliripoti jambo waliloligundua kwa bahati: juisi ya balungi, waliyoitumia kuficha ladha ya pombe katika majaribio, ilipandisha kiwango cha dawa ya shinikizo la damu mwilini. Ugunduzi huo ni wa kweli na una manufaa. Lakini muuguzi wa Gisagara au wa Karagwe anayekosa swali la jibini iliyokomaa au la mvinyo mwekundu amepungukiwa na nini kwa wagonjwa wake? Pengine alama anazopoteza zinapima mlo wa Ulaya kuliko zinavyopima uwezo wake.

Orodha ya eneo letu ingekuwa nyingine. Ingeanza na dawa mseto na mafuta. Ingefuata chai, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, na mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu kwa kikombe cha chai ya asubuhi hujinyima sehemu ya faida yake. Yangekuwemo maziwa na mtindi, ambavyo hupunguza nguvu ya dawa za bakteria kama siprofloksasini na tetrasaiklini. Zingekuwemo mboga za majani, mchicha na sukuma wiki, kwa mgonjwa anayetumia warfarini ili damu isigande: haombwi kuziacha, bali kula kiasi kisichobadilikabadilika. Wangekuwemo samaki wa jamii ya jodari waliokaa bila barafu, ambao wanaweza kumletea mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi maumivu ya kichwa, mapigo ya moyo ya kasi na wekundu wa ngozi.

Na lingekuwemo swali moja linalowahusu maelfu ya akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Dolutegraviri, ambayo leo ni nguzo ya matibabu ya virusi hivyo katika Afrika Mashariki, hufyonzwa vibaya inapokutana na vidonge vya madini ya chuma au ya kalsiamu katika tumbo tupu. Mjamzito anaweza kumeza vyote viwili kwa pamoja akiwa anakula. La sivyo, dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Hapo chakula ndicho kinachopatanisha dawa mbili. Mhudumu anayelijua hilo humpunguzia mama mzigo wa kuhesabu saa.

Jibu la kitabu na jibu la mgonjwa

Hata maswali yakiwa ya kwetu, upo ugumu wa jibu sahihi. Vitabu husema rifampisini na isoniazidi zimezwe tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kwa sababu chakula hupunguza ufyonzwaji wake. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu anayetapika kila asubuhi anaweza kuiacha dawa kabisa, na kuiacha dawa ni hatari kuliko kufyonzwa kwake pungufu. Ndiyo maana wahudumu wazoefu humruhusu mgonjwa wa namna hiyo kutanguliza chakula chepesi. Katika dodoso la kweli au si kweli, muuguzi huyo mwenye busara anaweza kukosa alama, na yule anayekariri kitabu akapata.

Majibu pia huzeeka. Kwa miongo mingi wahudumu wamefundishwa kwamba metronidazoli na pombe havikutani, na swali hilo ni la kawaida katika madodoso. Mwaka 2021, mwongozo wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kuhusu magonjwa ya zinaa ulieleza kwamba si lazima kujizuia na pombe wakati wa kutumia dawa hiyo, kwa kuwa ushahidi wa zamani ulikuwa dhaifu. Vyanzo vingine bado vinatoa onyo lile lile. Basi mhudumu aliyesoma mwongozo mpya atapewa alama gani na dodoso la zamani? Kipimo kisichosahihishwa mara kwa mara humwadhibu anayejisomea.

Kujua ni jambo moja, kutenda ni jingine

Tanzania imechangia sana katika kulielewa hilo. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwachunguza matabibu katika eneo la Arusha kwa njia mbili: waliwapa mgonjwa wa kuigiza ili waonyeshe wanachokijua, kisha wakatazama wanavyowahudumia wagonjwa halisi. Ilibainika kwamba baadhi ya mambo ambayo matabibu walionyesha kuyajua hayakufanywa mbele ya mgonjwa wa kweli. Zaidi ya hayo, watafiti hao walionyesha kwamba ubora wa huduma ulipanda mtazamaji alipoingia chumbani, na baada ya muda ukarudi ulipokuwa.

Fundisho lake kwa mada yetu ni zito. Alama za dodoso hutueleza kile kilichomo kichwani mwa mhudumu akiwa ametulia na kalamu. Hazituelezi kilichofika masikioni mwa mgonjwa wa arobaini wa siku hiyo. Na pengo kati ya viwili hivyo haliletwi na uvivu tu. Foleni ni ndefu, dirisha ni dogo, watu wa nyuma wanasikia kila neno. Ipo pia aibu isiyoandikwa katika taarifa yoyote: mhudumu husita kumwambia mtu ale chakula chenye mafuta ilhali anajua kwamba nyumbani kwake huenda hakuna chochote. Mafunzo ya siku mbili hotelini hayataondoa kusita huko. Kinachoweza kusaidia ni mhudumu kujua kwamba vijiko vichache vya maziwa vinatosha, ili ushauri wake usionekane dhihaka kwa maskini.

Neno linapovuka mpaka

Kwa wasikilizaji na wasomaji wa Kiswahili katika nchi ambayo wengi huzungumza lugha nyingine, upo mtego wa ziada. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mhudumu huitafsiri papo hapo kwa Kinyarwanda, na mgonjwa huipeleka nyumbani kwa Kiswahili. Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri habari tunajua kinachoweza kupotea katika safari hiyo. Pamoja na chakula, baada ya chakula na baada ya kushiba hayana maana moja. Mtu anayekula mlo mmoja kwa siku, akiambiwa ameze dawa mara mbili baada ya kula, anaweza kumeza mara moja na kuamini kwamba ametii. Na namba 8 iliyoandikwa kwenye bahasha kwa hesabu ya Kizungu, kwa msomaji wa Kiswahili ni saa nane, yaani mchana, si saa mbili asubuhi.

Upo pia mwezi wa Ramadhani. Kwa familia nyingi za Nyamirambo na za mitaa mingine ya Waislamu, mpangilio wa vyakula na dawa hubadilika kwa siku 29 au 30. Dawa ya mara mbili kwa siku huhamia futari na daku. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi, kidonge kisichofuatwa na chakula kinaweza kuishusha sukari hadi kiwango cha hatari. Miongozo ya kimataifa kuhusu kisukari na Ramadhani hupendekeza mgonjwa aonane na mhudumu wiki sita hadi nane kabla ya mfungo. Dodoso linalopima maarifa ya chakula na dawa katika nchi zenye Waislamu, bila hata swali moja kuhusu saumu, limeacha mlango mkubwa wazi.

Kipimo kinachofaa

Hoja hii haisemi kwamba madodoso yatupwe. Yanaonyesha pengo lilipo, na ni rahisi kuyatumia. Lakini yanapaswa kuwa mwanzo wa kipimo, si mwisho wake. Orodha ya vyakula na dawa itokane na sokoni na kwenye rafu za eneo husika, na majibu yapitiwe upya kila miongozo inapobadilika. Wanaopimwa wasiwe wa hospitali kubwa pekee. Nchini Tanzania, watu wengi hununua dawa katika Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003. Nchini Rwanda, washauri wa afya wa vijijini ndio wanaotibu malaria karibu na nyumba za watu. Hao nao wahesabiwe.

Juu ya yote, mgonjwa aulizwe. Hatua ishirini kutoka dirisha la dawa, nje ya lango la kituo, mtafiti anaweza kumuuliza maswali mawili tu kwa lugha anayoielewa: umeambiwa umeze dawa hii vipi, na utakula nini utakapoimeza? Majibu ya wagonjwa mia moja langoni yangeweza kufundisha kuliko alama za wahudumu mia moja kwenye karatasi, kwa sababu yanapima maarifa mahali yanapohitajika.

Hadi kipimo hicho kitakapokuwa desturi, mgonjwa hana budi kujisaidia kwa kuuliza. Dawa hii nimeze nikiwa nimekula au sijala? Kipo chakula au kinywaji cha kuepuka? Na kama sina chakula, au nimefunga, nifanye nini? Mtu asibadilishe wala kuacha dawa kwa sababu ya alichokisoma hapa, aulize kwanza. Kuuliza si kumvunjia heshima mhudumu. Huenda maneno anayoyahitaji mgonjwa mhudumu anayajua tayari, na yanasubiri tu kuombwa.